Priorat kwa miguu na kwa gari: majabali, magofu na mashamba ya zabibu kusini mwa Catalonia

Watu wakitua Barcelona mara nyingi ni kanisa la Sagrada Família, ufukweni, duka la jezi, basi wanarudi home wanasema wameiona Catalonia. Sio mbaya. Lakini kama una siku tatu au nne za ziada, kodi gari uelekee kusini magharibi, mkoa wa Tarragona, kuna kawilaya ka milimani kanaitwa Priorat, mji wake mkuu ni Falset, vijiji vyake vidogo mpaka vingine unavimaliza kwa dakika kumi kwa miguu. Mvinyo wake mwekundu ni wa bei mbaya na unajulikana dunia nzima, ila mimi nasema hivi, usianze na mvinyo. Anza juu kwenye mwamba, shuka monasterini, mvinyo uje mwisho. Wengi wanafanya kinyume, saa tano asubuhi washaonja glasi sita, mchana wamechoka, na mpaka wanaondoka hawajaelewa kwanini chupa moja inauzwa bei ya godoro.

Na kama hunywi kabisa usijali, robo tatu ya haya hayahusiani na pombe.

Hatua ya 1: mambo ya kumaliza kabla hujafika

Visa tuipite haraka. Unatokea Tanzania, Kenya au Uganda unahitaji Schengen, ada ya mtu mzima ni euro 90, na bima ya safari ya kufunika angalau euro 30,000. Anza mapema kwa sababu kupata miadi ndio kazi yenyewe, fomu ni kitu kidogo. Kama unaishi Ujerumani au Uholanzi au popote ndani ya Schengen na kibali chako, beba passport na hicho kibali, twende kazi.

Msimu: Aprili mpaka Juni mwanzoni, au Septemba mpaka Oktoba. Julai na Agosti jua linapiga, mawe yanarudisha joto usoni, na kuna kitu wageni wengi hawakijui: Catalonia ina mpango wa kuzuia moto wa misitu unaitwa Pla Alfa, hatari ikipanda ngazi za juu wanafunga njia za mlimani na mbuga, unafika unakuta hairuhusiwi kupanda, na hapo hakuna cha kubembeleza. Kwahiyo ukienda kiangazi angalia usiku wa kabla. Septemba hadi katikati ya Oktoba ni mavuno, inapendeza sana kuona watu wakibeba kreti za zabibu mteremkoni ila wenye viwanda vya mvinyo wako bize, kupata mtu wa kukutembeza ni shida kidogo. Mwanzoni mwa Mei kuna maonyesho ya mvinyo Falset, Fira del Vi, raha tupu, lakini vyumba vinaisha mapema mno.

Usafiri ndio unaobeba safari nzima. Kuna treni ya R15 kutoka Barcelona kupitia Reus, inasimama stesheni ya Marçà-Falset, ila stesheni yenyewe iko nje ya mji, na ukifika Falset mabasi ya kwenda vijijini ni machache, wikiendi ndio usiseme. Bila gari utaona Falset na picha za sehemu zingine kwenye kalenda ya ukutani. Kodi gari Barcelona, Tarragona au Reus. Toka Barcelona ni kama masaa mawili, na ile barabara kuu ya AP-7 siku hizi haina tozo kipande hicho, waliiondoa 2021. Leseni ya kwetu iambatane na kibali cha kimataifa cha udereva, chukua kabla hujasafiri. Na chukua gari dogo! Unajiona bosi na jeep lako kubwa mpaka uingie kijijini ukute kuta mbili na kioo cha pembeni hakipiti.

Dereva mmoja kati yenu asinywe. Kona za kule hazina utani, na askari wa Catalonia wanaitwa Mossos wana vipimo vyao.

Hatua ya 2: anzia Siurana

Toka Reus usifuate njia ya Falset moja kwa moja. Pita Alforja kwa C-242 mpaka Cornudella de Montsant, halafu panda kilomita kama tisa za kona mpaka Siurana. Kijiji kiko juu ya jabali, mita 737 toka usawa wa bahari, pande karibu zote ni genge, chini kabisa unaliona bwawa lina rangi ya kijani. Gari unaacha nje, unaingia kwa miguu.

Kwanini nasema uanzie hapa, ni kwa sababu ya historia. Waarabu na Waberberi walishika sehemu kubwa ya Hispania kwa karne nyingi, na hapa Siurana ndio ilikuwa ngome ya mwisho ya Waislamu katika Catalonia, ilianguka mwaka 1153 wakati wa Ramon Berenguer IV, mtawala Mkristo wa Barcelona. Ukisimama pale mlangoni kwenye mabaki ya ngome yao utaelewa bila kuelezwa, kuna upande mmoja tu mwembamba wa kuingilia, huko kwingine kote ni hewa. Yaani waliochagua hapo walikuwa wanajua wanachofanya.

Wenyeji wana hadithi ya Reina Mora, malkia wa Kimori yaani wa hao Waislamu, kwamba adui walipoingia alimfunga farasi wake macho na akaruka naye gengeni kuliko kukamatwa. Watakuonyesha alama kwenye ukingo wa mwamba wanasema ndio kwato ya farasi aliposita. Mimi ile alama naona ni shimo la mvua bana, lakini kila anayefika anainama kuigusa na mimi niligusa.

Baada ya ushindi Wakristo wakajenga kanisa dogo la Santa Maria, la mtindo wa Kirumi wa zama za kati, mlango wake una nakshi za mawe za kuangalia taratibu. Kaa hapo pembeni ya kanisa, karibu na ukingo, angalia mawe mekundu. Utaona pia vijana wamejifunga kamba wananing'inia ukutani, Siurana ni moja ya sehemu maarufu duniani kwa kupanda miamba, wanatoka mpaka Japani. Usisogee ukingoni kupiga selfi, hakuna uzio sehemu nyingi, na watoto washike mkono muda wote.

Lile bwawa nalo lina kesi yake. Maji ya mto Siurana yanahamishwa kwenda bwawa la Riudecanyes upande wa Reus, na watu wa Priorat wamelalamika miaka na miaka kuwa mto wao unabaki mkavu huku wengine wananufaika. Ukivuka daraja ukakuta mto ni changarawe tupu usishangae.

Lala Cornudella au Poboleda, bei ni nafuu kuliko hoteli za kifahari kwenye mashamba. Hapo hapo Cornudella pita uangalie jengo la ushirika wa wakulima, nitaelezea aliyelichora huko mbele.

Hatua ya 3: panda Montsant asubuhi mapema

Siku ya pili amka alfajiri uende La Morera de Montsant, kijiji kimekaa chini kabisa ya ukuta wa mlima. Mlima huu ni mbuga ya asili tangu 2002, kilele chake Roca Corbatera kina mita 1,163. Jina lake maana yake mlima mtakatifu, kwa sababu ya wakaa pweke waliokuwa wanaishi mapangoni na kwenye vikanisa vidogo huko juu.

Mlima haupandwi popote, unapandwa kwenye nyufa wanazoziita grau. Toka La Morera zinazofaa ni mbili: Grau dels Barrots ina vyuma vimepigiliwa kwenye mwamba, unashika unapanda, haihitaji kamba ila kama unaogopa urefu acha, na Grau de la Grallera ambayo ni ya miguu ya kawaida. Wengi wanapanda kwa Barrots wanashuka kwa Grallera na mimi nasema hivyo hivyo, kushuka kwenye vyuma ni kubaya kuliko kupanda. Ofisi ya mbuga iko La Morera, ingia uulize hali ya njia, watakupa ramani.

Maji lita mbili kwa mtu, sio moja. Viatu vyenye meno, kofia, na pakua ramani kwenye simu kabla kwa sababu mtandao unapotea kwenye mabonde. Dharura ni 112.

Ukifika juu kwenye tambarare, kabla hujapiga picha, angalia chini kusini. Pale ndio Priorat yote imelala mbele yako, vilima vimekunjana kunjana, na kwenye kila kilima utaona mistari ya mizabibu imeshikilia mteremko, mingine imesimama wima kabisa bila ngazi za kuzuia udongo. Aliyezoea mashamba ya zabibu ya Dodoma, yale tambarare ambayo trekta inapita kati, hapa atajiuliza mtu anasimamaje kuvuna. Jibu ni kwamba anasimama kwa shida, sehemu nyingine mpaka leo wanatumia nyumbu, na mzabibu mmoja mzee unaweza usitoe hata kilo mbili za zabibu. Bei ya chupa inaanzia hapo.

Hatua ya 4: shuka Escaladei, usiharakishe

Mchana ukishapumzika shuka kwa gari mpaka Escaladei, kilomita chache tu. Hapa ndio roho ya sehemu nzima, mpaka jina la wilaya limetoka hapa, kwa sababu vijiji vya jirani vilikuwa chini ya mkuu wa monasteri, yaani prior, yeye ndiye alikuwa anakusanya kodi na kuhukumu.

Hadithi inasema mchunga kondoo mmoja aliona malaika wanapanda na kushuka kwa ngazi iliyoegemea mti wa msonobari mpaka mbinguni, ndio likaja jina la Ngazi ya Mungu. Mwaka unaotajwa wa kuanzishwa ni 1194, mfalme Alfonso wa Aragon aliwapa ardhi watawa wa Kikartusi, na ilikuwa monasteri ya kwanza ya shirika hilo katika rasi nzima ya Iberia. Wakartusi sio watawa wa kuimba na kuhubiri mtaani. Ni watu wa kimya. Kila mmoja anaishi peke yake kwenye nyumba yake ndogo yenye bustani, chakula anaingiziwa kwenye kidirisha chenye kona ili asimuone hata anayeleta. Moja ya hizo nyumba imejengwa upya, ingia, kaa kwenye chumba, tazama ile bustani ndogo na ukuta wa Montsant nyuma yake. Hata wenye watoto wasumbufu nimeona wanatulia humo.

Watawa ndio walioleta ujuzi wa kilimo cha mizabibu na kuupanga vizuri, na utajiri ukaja, monasteri ikawa na viwanja vitatu vya ndani vyenye nguzo, wachoraji, maktaba. Ikaisha mwaka 1835. Serikali ya Hispania ilitaifisha mali za mashirika ya kitawa, watawa wakaondoka, na wanakijiji waliochoka kulipa kodi miaka mingi wakaingia, wakapora, wakachoma, mawe yakabebwa kujengea nyumba. Kwahiyo unapotembea vijiji vya jirani ukaona jiwe limechongwa vizuri kupita kiasi kwenye ukuta wa banda la punda, wewe unajua lilikotoka.

Ziara ya dakika ishirini hapa haifai, tenga masaa mawili. Na angalia siku na saa za kufungua, makumbusho mengi ya Catalonia hufunga Jumatatu. Gari liache kijijini Escaladei utembee mpaka monasterini katikati ya mizabibu, ni njia tambarare, wazee wanaiweza.

Hatua ya 5: sasa mvinyo, na kabla ya mvinyo, jiwe

Siku ya tatu fuata T-702 kushuka La Vilella Baixa halafu Gratallops. La Vilella Baixa wenyewe wanakiita New York ya Priorat, nyumba zimejengwa juu ya bonde, mbele zina ghorofa chache, upande wa mto zimekuwa nyingi. Simama upige picha uendelee.

Kabla hujaingia kwenye kiwanda chochote, wanaviita celler, simama pembeni ya shamba uokote jiwe moja. Litakuwa jeusi au la rangi ya shaba, tabaka tabaka, ukilivunja kwa mkono linabanduka. Hilo linaitwa llicorella. Ndio udongo wenyewe, hamna udongo mwingine wa maana. Maji ya mvua yanapita kwenye nyufa yanaenda chini, mizizi inalazimika kuyafuata mita nyingi huko chini, mzabibu unateseka, unatoa zabibu kidogo ndogo zenye ladha nzito. Mawe yanashika joto la mchana, na usiku baridi ya milimani inashuka. Aina za zabibu ni mbili kubwa, garnatxa na carinyena, na mvinyo ukifika mdomoni una nguvu, asilimia 14 au 15 ya kilevi ni kawaida, kwahiyo ule mwendo wa kunywa bia usiulete huku. Baada ya kuliangalia lirudishe jiwe chini, shamba ni la mtu. Na usichume zabibu hata moja bila kuulizia.

Historia yake fupi ni hii: mwishoni mwa karne ya 19 mdudu wa filoksera alimaliza mizabibu, watu wakahama kwenda Reus na Barcelona, vijiji vikabaki na wazee. Miaka ya 1980 likaja kundi dogo Gratallops, akina René Barbier na Álvaro Palacios na wenzao wachache, wakanunua mashamba ambayo wenyeji walikuwa wanayaacha bure, mavuno ya 1989 wakayatengeneza pamoja kwenye kiwanda kimoja. Baada ya miaka michache mvinyo wao ukawa unagombaniwa. Mwaka 2000 serikali ya Catalonia ikaupa Priorat daraja la juu kabisa la kisheria, DOQ, na Hispania nzima wenye daraja hilo ni Priorat na eneo lingine la mvinyo, Rioja, tu. Watu wanapenda kuisimulia kama muujiza wa wageni. Mimi naona sifa kubwa wanastahili wale wazee waliokataa kung'oa mizabibu yao ya carinyena wakati haina bei, bila ile mizizi ya miaka themanini wasingekuwa na cha kutengenezea.

Jinsi ya kutembelea celler: lazima miadi, tuma barua pepe wiki moja au mbili kabla, ukibisha hodi tu utakuta mlango umefungwa mwenyewe yuko shamba. Bei ya kuonja inaanzia kama euro 20 kwenda juu, kuna za bei ya kutisha. Chagua moja kwa siku, mbili mwisho, na omba ziara yenye kutembea shambani sio kukaa ghalani tu. Kutema mvinyo kwenye ndoo baada ya kuonja sio utovu wa adabu, ndoo imewekwa kwa kazi hiyo. Wakikuandikia saa 11:00 ni saa tano asubuhi yetu, usije ukatokea jioni.

Asiyekunywa aombe kuonja mafuta ya zeituni. Hapa kuna mafuta yenye jina linalolindwa kisheria, DOP Siurana, ya zeituni ndogo za arbequina, matamu, hayakwaruzi koo, yamwage kwenye mkate uliopakwa nyanya utaniambia.

Jioni panda kwenye kikanisa cha Consolació juu ya kilima hapo Gratallops, unazungukwa na mashamba pande zote. Halafu kula. Chakula cha usiku hakianzi kabla ya saa mbili na nusu, mchana ni saa saba na nusu mpaka tisa na nusu, ukikosa hiyo nafasi utakula biskuti za petrol stesheni, kama ipo. Nguruwe yuko kila mahali, botifarra ni soseji za nguruwe, kwahiyo asiyekula aseme mapema "sense porc", yaani bila nguruwe. Ukianza na "bon dia" (habari za asubuhi) na kumalizia na "gràcies" (asante) watu wanakuchangamkia mno, Kikatalani ndio lugha yao ya nyumbani na wanaona raha mgeni akijaribu.

Hatua ya 6: Falset na mgodi wa Bellmunt, siku ya kuondoka

Falset iko njiani, tembea uwanja wa Plaça de la Quartera, halafu nenda kwenye jengo la ushirika wa wakulima. Lilichorwa na Cèsar Martinell, mwanafunzi wa Gaudí yule msanifu wa Sagrada Família, mwaka 1919, na lile la Cornudella ni lake pia. Wakulima wadogo waliungana kujenga mahali pa kusindika zabibu zao kwa pamoja, na huyu bwana akawapa matao ya matofali na madirisha marefu, watu wakayaita makanisa makuu ya mvinyo. Kwangu linashinda kasri la mtu tajiri lolote, lilijengwa na wakulima kwa ajili ya wakulima.

Bellmunt del Priorat kuna mgodi wa zamani wa madini ya risasi, ulifungwa 1972, sasa ni makumbusho. Unavaa kofia ngumu unaingia na kiongozi kwenye tabaka la kwanza tu, ila mashimo yote yana zaidi ya kilomita 14. Humo ndani baridi, beba sweta hata kama nje ni kiangazi. Watoto wanapenda kuliko vyote vilivyotangulia. Ziara ni kwa saa maalum, piga simu kwanza.

Ukirudisha gari Reus au Barcelona, kumbuka chupa na mafuta haviingii kwenye begi la mkononi. Funga kila chupa kwenye soksi nene na mfuko wa plastiki, weka katikati ya nguo kwenye begi kubwa, au uliza kiwanda kama wanauza boksi la kusafirishia, vingi wanalo. Chupa ya lita moja ya mafuta ikipasuka begini hamna sabuni itakayokusaidia, mimi huwa nanunua mafuta ya kopo.